Nilivyomgeuzia Mgongo Muuzaji wa Ng'ambo

Hapa Hombo, Kongo, najulikana kwa kupatana bei, kwa hiyo mkinicheka, chekeni mara mbili, maana mimi mwenyewe huhesabu kila kitu mara mbili.

Vita vilikuwa vimefunga barabara na tochi hazikufika tena. Mama Furaha, mkunga wetu, alizalisha wanawake kwa mwanga wa simu. Akaniwekea pesa za kituo cha afya kwenye simu yangu nimwagizie tochi ng'ambo, zije kwa ndege.

Nikalinganisha maduka mawili ya mtandaoni. La kwanza liliuza rahisi, lakini usafiri wake uliumiza. La pili lilijumlisha bei na usafiri, nikaona limezidi kidogo tu. Basi nikafanya kama tunavyofanya sokoni: nikamgeuzia muuzaji huyo wa pili mgongo, ili aniite na kupunguza. Nikangoja wiki nzima. Sikuelewa ni mfanyabiashara gani huyu asiyemwita mteja anayeondoka. Nikampa wiki nyingine alainike.

Mama Furaha akanikuta dukani kwangu, wateja wamejaa.

"Papa Kasereka, jana nilizalisha mapasa, watoto wawili, mu giza. Tochi iko wapi?"

"Tuko tunapatana, Mama. Nilimugeuzia mugongo. Ataniita."

"Ulimugeuzia namna gani?"

"Nilifunga simu."

Akanyosha mkono, nikampa simu. Akafungua lile duka la pili, akabonyeza pa kununua, akanirudishia. Kisha akauliza polepole, wateja wote wakisikiliza:

"Na yeye alijua namna gani kama ulikuwa umesimama kwake?"