Mkono wa Kuruthumu na Kona ya Tatu

Ukifika Mchafukoge ukamuulizia Kuruthumu, utaulizwa Kuruthumu yupi. Sema yule mkata vitambaa wa kwa Josepha, na hata muuza maji atakufikisha kwenye ngazi za ghorofa anakoishi. Miaka kumi na tisa mama huyu alisimama mbele ya meza ndefu kwenye karakana ya Josepha pale Kariakoo, akitandaza majora, akipiga chaki, akikata. Sare za harusi, sare za kwaya, sare za msiba, zote zilipita chini ya mkasi wake kabla hazijafika kwenye cherehani. Mshonaji akikosea hufumua. Mkataji akikosea hana cha kufumua, kitambaa kimeshakuwa viraka, na mwenyewe yuko mlangoni anaulizia nguo yake.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, akiwa katikati ya jora la bluu, mkasi ulimdondoka. Akauokota, ukamdondoka tena. Daktari alisema ni kiharusi chepesi, neno ambalo Kuruthumu hajalisamehe mpaka leo, kwani huo wepesi yeye hakuuona. Mkono wa kulia ulilala miezi mitatu. Kisha ukaanza kuamka, kidole kimoja baada ya kingine, kwa mazoezi, kwa kuchuliwa mafuta ya nazi, na kwa ubishi aliokuja nao kutoka kwao Lindi.

Josepha si mwanamke wa maneno mengi. Ni Mchaga aliyeanza na cherehani moja na sasa anazo kumi na nne, na mtu hafiki hapo kwa kubembelezana. Hata hivyo meza ya Kuruthumu aliitunza muda wote huo, akawa anakata mwenyewe, tena vibaya. Jumamosi moja ya mwezi wa pili alipanda ngazi akihema, akakaa, akakataa chai.

"Mama Moza, mimi nimechoka," alisema. "Kuna dada mmoja wa Mchikichini, anakata vizuri, anaitaka ile meza. Si Jumatatu hii, ile inayofuata, nataka jibu. Ukirudi, meza ni yako. Usiporudi sikulaumu. Ila usiniache njia panda."

"Wiki moja tu, Mama Pius. Jibu utalipata."

Moyoni jibu lilikuwa tayari. Kukaa nyumbani kulikuwa kunamla mzimamzima. Alishazihesabu mpaka nondo za dirisha la jirani. Lakini moyo haukati kitambaa, mkono ndio unaokata, na Kuruthumu hakuwa mtu wa kwenda kujaribia bahati kwenye nguo ya bibi harusi wa watu. Alitaka ushahidi, na alijua pa kuupata.

Zamani, kabla ya mkasi, alikuwa mhudumu wa intaneti kafe karibu na Mnazi Mmoja. Mchana wateja wakiadimika alikuwa akicheza gemu la mbio za magari: barabara nyembamba ya mlimani, ukuta wa mawe upande huu, bonde upande ule. Vidole vitatu vya mkono wa kulia juu ya vitufe vya mishale, basi. Kona ya tatu, ile ya baada ya daraja, haikuwa na huruma. Ukichelewa kufumba na kufumbua tu, uko bondeni. Kuruthumu alikuwa anamaliza mizunguko mitano bila kugusa ukuta, huku akimjibu mteja na kumrekebishia printa. Kafe ilipofungwa aliomba CD ya gemu hilo, akaiweka pamoja na vyeti vyake vya shule.

Akajiwekea mtihani. Mizunguko mitano bila kugusa ukuta, anarudi kazini. Ikishindikana, meza iende Mchikichini.

Kompyuta ilikuwepo. Bintiye Moza, anayefanya kazi Dodoma, alikuwa amemtumia moja mpya, yenye nguvu kuliko mahitaji ya mama yeyote wa umri ule. Haikuwa na pa kutia CD, kwa hiyo fundi Hillary wa mtaa wa pili alilitoa gemu kwenye CD kwa njia zake na kulihamishia humo.

Jumapili mchana Kuruthumu alivaa miwani, akasema bismillahi, akaondoka na gari. Mzunguko wa kwanza safi. Wa pili safi. Alicheka peke yake sebuleni kama mwendawazimu. Mzunguko wa tatu, alipotoka darajani, alibonyeza kushoto na gari halikukata kona. Lilikwenda mbele kidogo, likafikiri, ndipo likageuka, na wakati huo barabara ilikuwa imekwisha. Bondeni.

Akarudia. Safari hii hakufikisha hata mzunguko mmoja.

Jumatatu hivyohivyo. Jumanne hivyohivyo. Kila siku alianza vizuri, na kila siku, baada ya dakika kama kumi, mkono ukaanza kuchelewa. Anabonyeza, kitu hakitokei, halafu kinatokea. Yeye aliijua hali hiyo. Ndivyo ilivyokuwa siku ya mkasi: aliuambia mkono shika, na mkono ukachelewa kusikia. Jasho lilimtoka, na halikuwa la joto.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na Kuruthumu methali hiyo ameshawahubiria nusu ya majirani zake. Yeye sasa aliyaficha. Moza alipopiga simu aliambiwa mama anaendelea vizuri sana, mwanangu, hata usiwe na wasiwasi. Kuruthumu akakata simu, akakaa akiukunja na kuukunjua mkono wake juu ya goti, akiogopa.

Alibakiwa na tumaini moja: huenda ni kompyuta. Jumatano aliivua kompyuta nguo yake ya kuifunika, maana vumbi la barabarani halina adabu kwa kitu cheupe, akaipakia kwenye bajaji mpaka kwa Hillary. Hillary ni mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, mwenye tumbo la staha na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba, hili gemu linakwama. Nabonyeza, linachelewa."

Hillary aliichomeka. Akaangalia hiki, akabadilisha kile, akaitoa kwenye mpangilio wa kuokoa umeme. Kisha akacheza mwenyewe mzunguko mmoja na nusu. Gari lilikwenda kama limepakwa mafuta.

"Mbona linateleza, mama? Hii mashine haina tatizo. Iko fiti kuliko mimi."

Alisema kwa furaha, kama fundi anavyompa mteja habari njema. Hakujua amempa hukumu. Kuruthumu alimshukuru, akarudi nyumbani na mashine isiyo na tatizo, akaipanga mahali pake. Alhamisi akacheza, na dakika ya kumi ilipofika mkono ukachelewa. Basi ni mimi, alijiambia. Mashine ni nzima, kibovu ni mimi.

Ijumaa hakuigusa. Jumamosi asubuhi alimpigia Hillary simu.

"Njoo uichukue hii kompyuta, uitafutie mwenye mikono."

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Njoo tu."

Hillary alikuja, na alipoingia sebuleni alisimama kwanza. Kwa Kuruthumu kila kitu kinavaa. Redio ina kitambaa cha kufuma, televisheni ina kitambaa, friji ina kitambaa chenye marinda. Na pale pembeni, juu ya kimeza, kompyuta ilikuwa imevaa gauni zima jeupe, lenye shada la waridi kifuani, limeishika kutoka kichwani mpaka miguuni, skrini tu ndiyo iliyo wazi. Chini ya gauni ilikuwa bado na nailoni yake ya dukani, kwa sababu kitu kipya ukikitoa nailoni mapema watu watajuaje kuwa ni kipya?

Hillary alivuta kiti.

"Cheza, mama, nione kabla sijaichukua."

"Sitaki kuonwa."

"Mimi fundi wako. Fundi ni kama daktari."

Akacheza, uso umekaza. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Darajani, gari likaanza kusuasua, likakosa kona, likaporomoka. Kuruthumu akaondoa mkono juu ya vitufe na kuuficha ndani ya khanga.

"Umeona? Unachelewa."

"Nipishe kidogo," Hillary akasema.

Akakaa yeye, vidole vyake vinene vizima visivyowahi kuugua. Kona ya kwanza akagonga ukuta. Ya pili akagonga tena. Ya tatu hakuiona kabisa, alizama bondeni akiwa bado anabonyeza kushoto.

Kuruthumu alimtazama, akaitazama skrini, akamtazama tena.

"Hillary, wewe nawe una kiharusi?"

Fundi alicheka mpaka miwani ikamteremka. Kisha akaweka kiganja juu ya gauni la kompyuta na kukitoa upesi, kama mtu aliyegusa sufuria.

"Mama yangu! Kikulacho ki nguoni mwako. Njoo uguse."

Akagusa. Ilikuwa ya moto kweli kweli.

"Sikiliza," Hillary akasema, huku akianza kuifungua vifungo, maana gauni lilikuwa na vifungo pia. "Hili gemu ni la enzi zile mashine zilikuwa dhaifu. Lilikuwa linajikokota linavyoweza. Hii ya sasa ina nguvu, na gemu lenyewe halina breki. Linaiambia chora, chora, chora. Inachora picha mamia kwa mamia kila sekunde, wakati jicho lako linatosheka na sitini. Inapata moto. Ikipata moto inajipunguza mwendo isiungue. Sasa wewe umeivalisha nailoni na sweta, Dar es Salaam, mwezi wa pili!"

"Mbona kwako haikukwama?"

"Kwangu uliileta nusu uchi, nailoni tu bila sweta. Nami nikacheza dakika tano, nikajifanya nimemaliza kazi. Hilo kosa langu, mama, nisamehe."

Alichana nailoni. Upepo wa moto ukatoka nyuma ya kompyuta. Akakaa kidogo kwenye mipangilio, akalifunga gemu lisizidi picha sitini kwa sekunde, akaiacha mashine ipoe wakati anakunywa chai ya tangawizi. Halafu akamrudishia mwenyewe kiti.

Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, daraja, kona, na gari likakata kushoto hapohapo alipobonyeza, kama zamani. Wa nne. Wa tano. Kuruthumu hakusimama. Alikwenda mpaka wa saba, machozi yanamtiririka na miwani imefifia, akawa haoni vizuri barabara na bado hakugusa ukuta. Wiki nzima alikuwa amebeba mzigo usio wake. Sasa alipoutua, hata kupumua kulikuwa kitamu.

Hillary alikuwa ameshika lile gauni, akiligeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hili duka gani, mama? Nimtafutie wife."

"Duka! Nimelifuma mwenyewe. Kompyuta ilipokuja. Siku tisa."

"Kwa mkono upi?"

"Huu huu wa kulia. Nitafumia mguu?"

Hillary alipitisha kidole juu ya mistari ya uzi. Ilikuwa imenyooka yote, imebanana, hakuna sehemu iliyolegea wala fundo lililokosewa.

"Mama," akasema taratibu, "feni ya mashine imeshindwa kupenyeza hata pumzi hapa. Mkono uliofuma hivi ndio ulikuwa unaniambia haufanyi kazi?"

Kuruthumu kufuma hakuwahi kukuhesabu. Alikuona ni kupitisha muda, jambo la mgonjwa aliyekaa. Alichukua gauni, akalitazama kama la mtu mwingine, akakubali kwamba huyo mtu anajua kazi. Kisha akachukua simu.

"Mama Pius, ile meza asiikalie mtu."

"Siku haijafika."

"Imefika kwangu."

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa karakanani. Josepha alimtandazia jora la kijani, tabaka nane, sare za shangazi wa bwana harusi. Cherehani zote kumi na nne zilinyamaza, ingawa kila mshonaji alijifanya anatunga uzi. Kuruthumu alipiga chaki, akaweka kiganja cha kushoto juu ya kitambaa, akatia mkasi. Makali yalikwenda, yakafika kwenye mzunguko wa kwapa, yakakata kona bila kusita, yakatokea upande wa pili. Alichukua kipande cha juu na cha chini kabisa, akavilinganisha. Sawasawa. Josepha, ambaye hajawahi kulia mbele ya wafanyakazi wake, alikuwa amemwinamia begani, mkono mdomoni.

"Sogea huko, Mama Pius," Kuruthumu akasema. "Unanizibia mwanga."