Madeni Yaliyosamehewa Makaburini

Kazi yangu benki ni kubashiri nani atalipa na nani hatalipa. Nimeifanya miaka mingi, na imenigeuza mtu wa kushuku kila kitu, hata tabasamu. Kiwanda kile cha dawa za maji za watoto, barabara ya kwenda Pangani, kilinitatiza kwa sababu hakikuwa na ujanja wowote. Dawa zilikuwa nzuri, vibali vilikuwa hai, wateja walikuwepo mpaka Maramba. Kilichokosekana ni fedha za malighafi. Bila mkopo wetu, mitambo ingezimwa.

Nilimkuta mwenye kiwanda, mzee wa Kiarabu, ofisini kwake.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Uliza utakalo, sikufichi."

Nikaomba orodha ya wenye maduka ya dawa aliokuwa akiwadai. Majina mengi yalikatwa kwa wino mwekundu. Nikauliza kama hao wamelipa.

"Hao wamekufa. Mazikoni watu wakiulizwa nani anamdai marehemu, mie huinuka nikasema nimemsamehe. Sasa nisemeje? Mtu yumo jenezani!"

Nilikasirika. Nikamwambia maduka yao bado yako wazi, warithi wanauza. Akatikisa kichwa tu. Nikafunua ukurasa wa pili, nikaliona jina la baba yangu, duka la Makorora. Nalo limekatwa.

Baba alipozikwa nilikuwa safarini kwa kazi ya benki. Nilifika watu wameshatawanyika, na hakuna aliyeniambia habari ya deni. Duka lile ndilo lililoendelea kumsomesha mdogo wangu mpaka akamaliza chuo.

Nilipaswa kumwachia mwenzangu faili lile. Sikumwachia. Tena niliogopa kuonekana napendelea, nikaandika ripoti kali kuliko zote nilizowahi kuandika: mwenye kampuni husamehe madeni hadharani, na hana nia ya kuacha. Kamati ya mikopo ilikataa bila mjadala. Kila nilichoandika kilikuwa kweli, na bado najichukia.

Nilimpelekea jibu mwenyewe, pamoja na bahasha ya fedha za deni la baba. Alisoma barua, akaikunja vizuri. Bahasha akaisukuma upande wangu.

"Nikizipokea hizi, mwanangu, itakuwa siku ile nilimzika babako na deni."

Kisha akaniuliza kama najua popote wanapotaka wafanyakazi, maana wanawake wanaomjazia chupa kiwandani wana watoto.

Sikujua popote.