Mguu Uliopigwa Tupa

Katika karakana yake ya makochi, Mama Springi alikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuivunja, hata yeye mwenyewe: waya wa springi ukikunjwa mahali pasipo pake, haunyooshwi. Hutupwa. Mafundi wake walimtania kwamba wahenga walishasema samaki mkunje angali mbichi, basi na waya nao ukunjwe na kukunjuliwa mpaka ukubali. Aliwajibu bila kuinua kichwa kwenye kazi.

"Waya si samaki. Waya hauna ubichi. Ukiurudisha ulikotoka utakuchekea usoni huku ukipasuka moyoni. Ukikosea, tupa."

Hakuyasema kwa kupenda maneno. Zamani, angali mwanagenzi, aliona springi iliyonyooshwa ikikatika ndani ya kochi, ikatoboa sponji na kitambaa na kumchana paja mzee wa watu aliyekuwa ameketi anakunywa chai. Fundi aliyeinyoosha springi ile alikuwa amesimama palepale, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mimi nilidhani itashika." Mama Springi hakulisahau. Watu wengi huumizwa na mafundi wanaodhani.

Nyuma ya karakana palikuwa na vyumba viwili. Humo aliishi binti yake wa pekee, pamoja na mumewe na mtoto wao wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anaunga maneno. Bibi alimwita mjukuu wake "mke mwenzangu", ingawa mume mwenyewe, babu wa mtoto, alishafariki. Kila asubuhi mke mwenza huyo aliingia karakana peku, akapanda kochi lililokuwa bado mbao na springi tupu, akadai chai yake. Karakana nzima ilisimama mpaka apewe.

Baba wa mtoto mtaani walimwita Rubani. Jina hilo lilianza kama kejeli. Alikuwa dereva wa lori la saruji, kampuni ikafungwa, na tangu hapo akawa anashinda kiwanjani akirusha ndege za rimoti alizozichonga mwenyewe kwa lile povu gumu jeupe linalofungiwa friji na televisheni. Wapita njia walimuuliza, "Rubani, abiria wako wapi?" Naye akajibu, "Walikuwepo. Wamesikia na wewe unapanda, wakashuka." Alikuwa mcheshi, na mikono yake ilikuwa myepesi. Lakini mwanamume mwenye mke na mtoto hawezi kuishi kwa ucheshi, na hilo alilijua kuliko waliomcheka.

Basi ofisi moja ya upimaji wa ardhi ikatangaza kwamba inatafuta mtu wa kurusha ndege ya povu yenye kamera, apige picha za mashamba na barabara kutoka juu. Mwombaji aje na ndege yake. Ataruka kwanza bila mzigo, kisha na kamera ya ofisi, na lazima aishushe salama kwenye changarawe. Hapo ndipo penye kazi. Ndege nyingi za povu hutua kwa tumbo, zikateleza juu ya nyasi kama sahani. Hii isingeweza, kwa kuwa kamera ingening'inia chini ya tumbo lenyewe. Ilihitaji miguu mirefu, yenye nguvu ya kubeba mzigo na kupokea mshindo.

Kaka yake Rubani, aliyesimamia ghala katika mji wa mbali, mji wa safari ya kulala njiani, alikuwa amempa nafasi ya kazi na kumtaka afike mwisho wa mwezi. Binti hakumficha mama yake.

"Mama, akiikosa hii, tunahama. Mimi sitaki, lakini siwezi kumwambia mume wangu akae tu."

"Na mke mwenzangu?"

"Atakwenda na sisi. Ulidhani tutamwacha?"

Mama Springi aliinamia nyundo yake. Aliendelea kupigilia misumari kwenye kiti cha watu.

Miguu ya kwanza Rubani aliiunda mwenyewe. Alichomeka waya moja kwa moja kwenye povu, akamwaga gundi, akaona yamekwisha. Ndege ilipogusa chini, miguu ilitoka na bonge la povu kama jino lililong'olewa na ufizi wake. Akaja karakana na ndege kwapani, amejaa haya.

"Shikamoo, mama. Nimeleta mgonjwa."

"Marahaba, mwanangu. Huyu si mgonjwa. Huyu ulimpigilia msumari kwenye godoro, ukategemea usimame."

Akamwonyesha. Alikata kipande cha plaiwudi upana wa kiganja, akachimba nafasi yake tumboni mwa ndege, akakilaza humo na kukizungushia gundi, ili mshindo wa kutua usiangukie shimo moja bali usambae tumbo zima. Miguu akaikunja kwa waya mnene wa springi. Juu ya kila mguu akazungusha pete moja, kama ile iliyoko kwenye pini ya nepi, ili mguu ukibonyezwa ujibu. Akaielekeza mbele kidogo ndege isije ikaangukia pua. Akaibana kwenye plaiwudi kwa vibano vya bati na skrubu, na magurudumu akayakata kwenye soli za kandambili zilizochakaa.

"Mbona inachezacheza?" Rubani aliuliza, akiibonyeza kwa vidole.

"Isipocheza yenyewe, litacheza tumbo. Unataka kipi?"

Ikaruka, ikatua, ikadunda kidogo na kusimama. Rubani alifanya mazoezi kila alasiri, na mtaani wakapunguza kumcheka.

Siku moja kabla ya majaribio, Mama Springi alikwenda upande wa pili wa mji kufunga viti kwenye ukumbi. Alasiri hiyo upepo ulikuja wa ubavuni. Ndege ikashuka imeinama, ikaangukia mguu wa kushoto, nao ukakunjika kuelekea ndani. Povu halikupasuka, plaiwudi haikung'oka. Mguu tu.

Rubani alijua la kufanya: kuufungua, kuutupa, kukunja mpya. Waya mnene karakanani ulikuwa umekwisha, lakini duka lilikuwa wazi. Lilikuwa mbali, na yeye alitaka kutumia mwanga uliobaki kwa mazoezi. Akaubana mguu kwenye jiliwa, ile ya kubania vyuma mezani, akaunyoosha taratibu mpaka ukalingana na mwenzake. Meno ya jiliwa yalikuwa yameacha alama. Akachukua tupa ya kusugulia vyuma, akazipiga alama zile mpaka zikatoweka. Ukiutazama kwa mbali, mguu ule ulipendeza kuliko wa kulia. Mkewe alimwona akipiga tupa, akauliza kulikoni. Akamwambia, "Naweka sawa tu." Mama mkwe aliporudi, hakuna aliyemwambia kitu.

Asubuhi wote walikwenda kiwanjani. Mpimaji mkuu, mzee mwenye miwani na sauti ndogo, alikuwa amesimama kando ya njia ya changarawe na wasaidizi wake. Nyuma yao watu wa jirani walikuwa wamekuja kutazama, wengine na watoto mabegani. Mwombaji wa pili, dada mmoja mrefu, alikuwa amekaa juu ya boksi la ndege yake akila karanga.

Rubani aliruka kwanza, bila mzigo. Alitua vizuri sana. Hata yule dada aliacha kutafuna.

"Vizuri," alisema mpimaji mkuu. "Sasa tuifunge kamera."

Mama Springi alipiga goti kufuta vumbi kwenye magurudumu. Kitambaa chake kilipopita juu ya mguu wa kushoto, jua likametameta mahali ambapo waya haukupaswa kumetameta. Akapitisha ukucha. Palikuwa na bonde dogo, laini. Akautazama mguu wa kulia: mweusi, mzima, kama ulivyotoka dukani. Akarudi kwenye wa kushoto.

"Huu mguu nani kaupiga tupa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Rubani alikuwa ameinama karibu naye, akijifanya anakaza skrubu. "Mama, tuache sasa. Wanatusikia."

"Nimeuliza."

"Si wewe husema kila siku? Waya ukikosewa, tupa. Basi nikapiga tupa." Akatabasamu. Mama Springi hakutabasamu.

"Ulikunjika?"

"Kidogo."

"Ukaunyoosha."

"Mama, umetua sasa hivi mbele ya macho yako."

"Umetua mtupu. Wanakwenda kuupa mzigo."

Binti alisogea, mtoto yuko kiunoni. Hakuhitaji kuelezwa, alizisoma nyuso zao. Akainama kama anayemrekebisha mtoto kiatu.

"Mama, leo tu," alinong'ona. "Kesho utautupa. Leo tu."

Mama Springi alibaki goti chini. Alijua kwamba huenda mguu ungeshika. Waya wa namna ile unaweza kuvumilia kutua mara nyingi, na unaweza kukatika mara ya kwanza. Mwenye kujua hayupo. Ukikatika, ndege yenye kamera nzito na pangaboi linalozunguka ingepinda kushoto, na kushoto ndiko walikosimama watu. Alijua pia kwamba akinyamaza na mguu ukashika, binti yake atabaki vyumba vya nyuma, na kesho asubuhi mtoto atakuja kudai chai.

"Kuna tatizo?" aliuliza mpimaji mkuu.

"Hakuna, mzee," alisema Rubani. "Mama anafuta vumbi."

"Miguu hii imewahi kupata ajali yoyote?"

"Hapana, mzee. Iko sawa."

Mpimaji mkuu akamgeukia Mama Springi. "Nimeambiwa wewe ndiye uliyeiunda. Nawe unasema hivyo?"

Rubani alikuwa ameshika bisibisi, haizunguki. Binti alikuwa anamtazama mama yake, na midomo yake ilikuwa bado inasema yale maneno mawili bila sauti. Mtoto alinyoosha mkono akimtaka bibi.

Mama Springi akasimama, akakung'uta goti.

"Mguu wa kulia nausimamia," alisema. "Wa kushoto ulikunjika, ukanyooshwa, ukapigwa tupa. Sijui kama utabeba. Kitu nisichokijua siwezi kukuambia kiko sawa."

Mpimaji mkuu hakumtazama yeye. Alimtazama Rubani, na sauti yake haikupanda.

"Mguu unabadilishwa, kijana. Ungeniambia, ningekusubiri mpaka mchana. Lakini nimekuuliza, ukanijibu hapana. Kesho nitakutuma shambani peke yako, na nitakuwa sina jingine la kutegemea ila jibu lako." Akageuka. "Dada, tayarisha ndege yako."

Yule dada akajifuta maganda ya karanga mapajani na kufungua boksi lake. Kazi aliipata yeye.

Walipoondoka wenye ofisi, Rubani hakuondoka. Aliokota tofali, akalipasua, akachagua kipande cha uzito wa kamera na kukifunga tumboni mwa ndege. Akairusha. Mkewe alimsihi aache, hakusikia. Akaishusha kwenye changarawe ileile, kwa nguvu, bila huruma. Mguu ukabonyea, ukajibu. Akaipandisha tena, akaibwaga tena. Alifanya hivyo mpaka betri ikaanza kuchoka, na kila mara mguu wa kushoto ulisimama sawa na wa kulia.

"Umevunjika?" alimuuliza mama mkwe wake, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwake.

"Haujavunjika."

"Umeuona lakini."

"Nimeuona, mwanangu. Na mngeniuliza sasa hivi, ningejibu vilevile."

"Kwa hiyo umenivunja mimi kwa kitu kizima."

Mama Springi aliikunja khanga aliyokuja nayo ya kukalia, akaanza kutembea kurudi nyumbani, na binti yake hakutembea naye.

Nimewasikia wengi wakimhukumu mwanamke huyu. Wanasema mguu ulishika, kwa hiyo alikosea. Hao ndio wanaopima ukweli kwa matokeo, na kwao mwongo aliyebahatika ni mtu mwema. Kiwanjani hakuulizwa kama mguu utavunjika. Aliulizwa kama yaliyosemwa ni kweli, na hayakuwa kweli. Mbele ya swali hilo hapakuwa na binti, mkwe wala mjukuu. Palikuwa na ndiyo na hapana. Tukianza kuruhusu "leo tu" kwa sababu tunampenda anayeomba, hatutabaki na fundi wa kuaminiwa wala daraja la kupitia.

Lakini sitaki kudanganya upande wa pili pia, niseme kwamba alilipwa kwa ukweli wake. Hakulipwa. Rubani hakuomba radhi wala hakuombwa. Mwisho wa mwezi lori lilikuja, wakapakia kitanda, jiko na masanduku. Binti alimpa mama yake mkono kama mtu anayeaga jirani. Mtoto alilia, kisha akasinzia kabla gari halijawashwa.

Mama Springi bado anakunja waya katika karakana ileile. Vyumba vya nyuma amevifunga. Hupiga simu, na binti hupokea, husema wote wazima, hukata. Msimamo wake ule wa asubuhi moja ulimgharimu mtoto wake wa pekee na mjukuu wake. Wanaishi mbali, na hawaji.