Mshumaa wa Umeme Ukumbini Nyangoto

Mchana mmoja niliingia ukumbi wa kanisa huko Nyangoto. Vijana walikuwa kwenye mazoezi ya igizo la maisha ya zamani, na madirisha wameyaziba kwa mablanketi. Fundi wa taa alitaka taa zake za umeme zitoe mwanga wa mshumaa, akamwita bibi mmoja mkulima aseme kama amepatia.

"Shikamoo bibi. Tazama pale kitandani," alisema, akimwonyesha msichana aliyelala jukwaani akiigiza mgonjwa.

"Marahaba. Huo ni mweupe mno. Halafu umetulia. Mshumaa hautulii, mtu akifungua mlango unainama."

Fundi akaongeza umanjano, akashusha taa moja chini, akaufanya mwanga ucheze. Bibi akasogea hatua mbili, akaweka kiganja kifuani.

"Hapo hapo," akasema. "Binti yangu alijifungua kwa mwanga huo. Mshumaa niliushika mimi. Damu ilikuwa inamtoka, nami nikadhani ni kivuli. Hadi naja kujua, ameshakuwa baridi."

Fundi alinyoosha mkono azime.

"Usizime, mjukuu wangu. Sina picha yake."

Msichana wa jukwaani hakuinuka. Alibaki amefumba macho, machozi yakimshuka, mpaka bibi alipotosheka kumtazama.

Siku hizi tunawasha mishumaa mezani hotelini tukisema inapendeza. Nilipotoka nilihesabu taa za yule fundi, zilikuwa sita. Kwa binti wa yule bibi ingetosha moja.