Sauti ya Kaka Yangu Kwenye Chombo Kipya

Mimi na yule nesi wa Kikenya tulifahamiana kwa sababu ya mlio wa simu. Ulikuwa mwaka wangu wa pili Doha, nimekwenda kliniki kupimwa damu, na yeye ndiye aliyenifunga mpira mkononi. Kabla hajanichoma, simu ikalia mfukoni mwake, na mlio wenyewe ulikuwa ule wimbo wa kufungulia Chombo. Nikaufuatisha kwa mdomo mpaka mwisho bila kukusudia. Akanitazama, sindano iko hewani.

"Wewe! Uliiona wapi hiyo?"

"Korogwe," nikamwambia. "Kwenye kibanda cha video."

"Mimi ni Nakuru, kwa televisheni ya jirani. Wacha nikutoe damu kwanza, halafu tuongee."

Chombo ni jina tulilolipa sisi. Yenyewe ilikuwa tamthilia ya Kizungu, watu mia mbili ndani ya meli ya angani, nahodha wao mwanamke mzee mwenye mvi na kovu shavuni, wanapita nyota moja baada ya nyingine. Kule kwetu, Kiingereza kile cha haraka alikielewa mtu mmoja tu pale kibandani, kaka yangu, aliyenizidi miaka kumi na mmoja. Alikaa kando ya televisheni na maikrofoni aliyoiunga kwenye spika ya redio, akapunguza sauti ya mkanda, akatusimulia kila kitu kwa Kiswahili. Alikuwa nahodha, alikuwa fundi, hata milango ya chuma aliitolea mlio kwa mdomo. Mimi nilikaa karibu na swichi. Mkanda ulipokuwa tayari, alisema kwenye maikrofoni, "Mdogo wangu, taa," nami nikazima. Watu wakanyamaza.

Alikufa kwa kifua akiwa na miaka thelathini na mbili. Zilibaki kaseti nne alizojirekodi akitafsiri, ili ajisikilize alipokosea. Mama alizifunga kwenye khanga akaziweka kabatini. Nilipokuwa najiandaa kuja huku nilimwomba, nikazihamishia kwenye simu yangu.

Nesi alipozisikiliza alicheka mpaka akafuta machozi, halafu akasimamisha rekodi.

"Dadangu, huyu kaka yako alikuwa anawadanganya."

"Kivipi?"

"Anasema wanarudi nyumbani. Hawarudi! Nyumbani kwao kulishaungua. Wanatafuta pengine pa kuishi. Na huyu fundi hapa, anasema amelala. Amekufa huyo."

Nilikaa kwenye kiti nyumbani kwake, mtaa wa Al Rayyan, nikiwa mtu mzima wa miaka thelathini na tano, nikapokea habari ya msiba wa fundi yule. Siku zote nilijua angeamka. Nadhani kaka aliona watoto tuliokaa chini mbele, akaamua kutulaza na sisi.

Tukazoea kukutana Ijumaa, siku nisipokuwa na zamu kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Tulikuwa wanne. Mimi, nesi, mume wake ambaye ni mtu wa kompyuta na ambaye nilimwita shemeji, na kaka mmoja wa Makunduchi, mlinzi kwenye jengo la maduka, mpole, aliyekuwa anajua majina ya nyota zote za kwenye Chombo utadhani amesoma nazo. Tulikula, tukatazama sehemu za zamani, tukabishana.

Halafu zikaja habari kwamba Chombo kinatengenezwa upya, kuanzia mwanzo. Mwigizaji wa nahodha alikuwa amekwisha kufariki. Wenye tamthilia wakatangaza kwamba hawatatafuta mtu mwingine. Watautengeneza uso wake kwa kompyuta, na sauti yake pia, kwa ruhusa ya watoto wake.

"Manze, hii itakuwa safi," shemeji alisema. "Nahodha ni yeye tu. Nani mwingine angeweza?"

Nesi alikuwa katikati. Alitaka kumwona tena, na alikuwa anaogopa kumwona. Yule kaka wa Makunduchi aliweka sahani chini.

"Miye sikubali. Mtu keshakwenda zake, mwacheni. Unamwita arudi kuja kuigiza?"

"Si yeye, bro. Ni picha."

"Basi kama si yeye, mbona mnasema nahodha ni yeye tu?"

Shemeji akarudi kwenye sahani yake. Mimi, kusema ukweli, nilikuwa nahesabu siku mpaka itoke.

Sehemu ya kwanza tuliitazama Ijumaa moja baada ya sala, wote wanne, maana hata mwenye kukataa alikuja. Nje vumbi lilikuwa limefunika mji tangu asubuhi. Mchana ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, majengo ya ng'ambo hayaonekani, na ukimya ulikuwa umetanda kama vile mtaa mzima umehama. Chembe za mchanga zilikuwa zinagonga kioo cha dirisha taratibu.

Nahodha akatokea. Mvi zilezile, kovu lilelile. Nesi akashika mdomo. Kwa dakika chache nilifurahi kama mtoto, sitaki kuficha. Kisha nikaanza kuona kwamba wenzake wakiongea, yeye alikuwa anawatazama juu kidogo ya macho yao, kama mtu anayesikiliza kitu kilichopo chumba cha pili. Akitabasamu, tabasamu lilikuwa linachelewa kuondoka. Wengine wote mle ndani walikuwa wanapumua, mabega yanapanda na kushuka. Yake yalikuwa yametulia.

"Hapumui," alisema yule wa Makunduchi kwa sauti ya chini.

"Nyamaza basi," nesi akamwambia, lakini nilimwona akisogeza kiti karibu na mumewe.

Ilipokwisha, shemeji alisimama, anatabasamu, anasugua viganja. Akasema ana zawadi yangu. Nesi alinieleza baadaye kwamba alikuwa amemkataza, kisha akamkubalia. Shemeji alizichukua zile rekodi za kaseti nilizomtumia mkewe, akazitia kwenye programu moja, programu ikajifunza sauti. Yeye mwenyewe akakaa wiki mbili akitafsiri maneno ya sehemu ile ya kwanza. "Sasa tuitazame vile wewe uliizoea," akasema.

Sikupata nafasi ya kusema ndiyo wala hapana. Picha ikaanza tena, na kaka yangu akaanza kuongea.

Alikuwa yeye. Sauti ya puani kidogo, ile "r" aliyoivuta, jinsi alivyoshusha pumzi kabla ya kusema jambo zito. Alikuwa anasimulia mambo asiyoyajua, chombo ambacho hakukiona, kwa Kiswahili cha Nairobi ambacho hakuwahi kukizungumza. Alisema "mnaenda wapi sasa" kama Mkenya. Alisema nyumbani kumeungua. Hakutudanganya hata mara moja. Nikaikalia mikono yangu. Nilitaka izimwe na nilitaka isiishe, vyote viwili kwa nguvu sawa.

Kulikuwa na mahali ambapo umeme wa chombo unakatika na nahodha anabaki peke yake kwenye ukumbi. Hakuna anayezungumza pale. Tulikuwa tumeshaitazama mara moja, tulijua ni kimya kitupu. Picha ikawa nyeusi, uso wake tu ndio unaonekana, unatazama juu kidogo ya macho yetu. Kaka akashusha pumzi.

"Mdogo wangu, taa."

Nilishainuka. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka kidole changu kiko kwenye swichi ya ukuta wa nyumba ya watu, taa ya sebule imezimika, na ule mwanga wa vumbi unaingia dirishani, na wenzangu watatu wamenigeukia.

"Aki, umeandika hivyo?" nesi alimuuliza mumewe.

"Sijaandika. Naapa, sijaandika kitu hapo."

Akafungua maandishi yake, akatuonyesha. Pale palikuwa na nafasi tupu. Alijieleza haraka haraka, kwamba programu ikikuta kimya kirefu huweza kuokota kipande kutoka kwenye rekodi za mwanzo, kwamba neno lile lipo kwenye kaseti zote nne, kwamba ni kosa la kawaida. Naamini alisema kweli. Mpaka leo naamini. Lakini hata yeye alikuwa anaongea huku anatazama spika.

Yule kaka wa Makunduchi alikuwa ameshavaa viatu. Alisoma dua mlangoni, akaniambia, "Dada, twende nikusindikize," nikaenda naye. Tulitembea mpaka kituo cha treni tumejifunika pua, hatuonani vizuri. Hakunihubiria. Njia nzima aliniuliza habari za kaka tu, alipenda kula nini, alisoma wapi. Nilishukuru.

Usiku na mchana wa siku zilizofuata nilikuwa kazini kama kawaida, mashuka yanaingia na kutoka, na kila mashine iliponyamaza nilijikuta nimetulia, natega sikio. Kule mtaa wa Najma nilikopanga tulikuwa wanawake sita chumbani. Sikumwambia hata mmoja. Nesi aliniandikia kuomba radhi mara tatu. Mumewe aliandika mara moja tu: "Shem, niifute?" Sikumjibu, kwa sababu sikujua.

Mwisho nikampigia mama. Nilidhani atakasirika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Unayo hapo?"

"Ninacho kipande, nilimwomba nesi."

"Niwekee."

Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za jengo, watu wanapishana na mifuko ya mboga. Nikaazima simu ya mwenzangu, nikampigia upya kwa hiyo, nikaiweka mdomo kwa mdomo na yangu, nikacheza kipande cha dakika mbili. Hakikuwa na lile neno la taa, nilikichagua makusudi. Kilipokwisha, nikairudisha simu sikioni.

"Mama?"

"Rudia."

Nikarudia. Akasema rudia. Nilikicheza mara sita. Ya sita ilipokwisha akavuta kamasi.

"Sauti ni yake," alisema. "Lakini mwanangu akisimulia, alikuwa anageuka geuka kutazama mlangoni kama nimekuja na uji. Sauti ilikuwa inahama, inaondoka kwenye maikrofoni inarudi. Huyu haondoki. Huyu anaongea kama amefungwa."

Sikuwa nimeliona hilo, na baada ya hapo sikuweza kulisahau.

"Nimwambie afute?"

"Mwambie ahsante kwanza. Alikuwa na nia njema, kijana wa watu. Halafu afute." Akaongeza, "Na wewe hicho kipande chako, mwanangu, usikisikilize peke yako."

Ijumaa iliyofuata nilikwenda Al Rayyan. Nilimwambia shemeji ahsante, kama nilivyotumwa, akafuta mbele yangu, kwenye kompyuta na kwenye kile kidude cha kuhifadhia. Alitokwa na jasho utadhani amebeba mzigo. Kipande cha kwenye simu yangu nilikifuta mwenyewe nikiwa nimekaa katikati ya watu, nesi amenishika goti. Rekodi za kaseti za kweli bado ninazo kwenye simu, na hizo nazisikiliza. Yumo humo anakohoa, anakosea, anamfukuza mbuzi.

Nesi akaniuliza kama nataka tucheze karata tu siku hiyo. Nikasema hapana, weka sehemu ya pili.

Tumefika ya saba sasa. Nesi anasema ni nzuri kuliko ya zamani, na kila wiki anatoa sababu mpya. Mumewe, aliyeisifu kuliko sisi wote, ameanza kusinzia nahodha anapotokea, au anajifanya kusinzia. Yule kaka wa Makunduchi amerudi kwenye mlo lakini hakai sebuleni. Anaosha vyombo jikoni, na akisikia jambo anauliza kwa sauti kutoka huko, "Wamefika wapi?" nasi tunamwambia.

Mimi naipenda, nasema kweli. Hadithi imekuwa ngumu na ya kweli zaidi, hakuna anayedanganywa. Uso wa nahodha siuzoei. Wiki iliyopita hakuonekana kwa nusu saa nzima, wenzake wakawa wanahangaika wenyewe kwenye njia za giza za chombo. Kila walipokata kona nilijikuta nimesogea ukingoni mwa kiti, namngoja atokee.