Jiwe la Baba Mkwe

Nilitaka sifa ukweni, nami ni fundi wa magari katika gereji za Gatsata. Gari la baba mkwe, la enzi za Wabelgiji, lilikuwa na breki za nyaya. Nikazing'oa nyaya zote, nikaweka breki za mafuta.

Jumapili tukalipeleka Kimihurura kwa shangazi wa mke wangu. Tulipoegesha mlimani, mzee akatoa jiwe lake la kuzuia gurudumu. Nikamnyang'anya kwa heshima, nikalitupa mtaroni. "Baba, hizi ni breki za kisasa."

Tukiwa bado tunasalimiana, gari likarudi nyuma lenyewe, polepole, likalala kwenye migomba ya shangazi. Mzee akaingia garini, akavuta breki ya mkono. Ikapanda kama kijiko ndani ya uji. Waya wake niliung'oa pamoja na nyingine.

"Mkwe wangu," akasema kwa upole, "ingia mtaroni utuletee jiwe letu."