Treni ya Bati Chini ya Kitanda

Mvua ndiyo iliyoniingiza katika lile jumba la makumbusho. Nilikuwa nimeenda mjini kununua dawa ya macho, mawingu yakapasuka, nikakimbilia mlango wa kwanza niliouona wazi. Ndani hapakuwa na mgeni mwingine. Binti anayetembeza wageni alinipitisha kwenye taa za reli, kofia za madereva na simu nzito za stesheni, hadi tukafika kwenye kabati la kioo lenye treni za kuchezea za zamani. Hapo nikashindwa kuondoka. Moja ilikuwa ya bati, ya kijani, ina tundu ubavuni la kutilia ufunguo, na mabehewa ambayo madirisha yake yalichorwa kwa rangi.

"Uliwahi kuwa nayo, mama?" binti akaniuliza.

Nikamjibu kwamba jirani yetu alikuwa nayo. Wewe, rafiki yangu, nitakueleza yote.

Nilikulia Eastlands, sehemu za Makadara, katika safu za nyumba za mawe zilizopakana na reli ya Mombasa. Tulikuwa na chumba kimoja, jiko la makaa mlangoni, na bomba la maji la kila mtu. Mama aliuza mitumba sokoni Gikomba. Aliondoka kabla hatujaamka na kurudi amechoka hata kusema. Baba alifanya kazi bandarini, Mombasa, na walikuwa wameachana zamani. Kwa hiyo mimi na kaka yangu tulilelewa, kusema kweli, na mlango wa pili.

Huko aliishi mjane kutoka Pwani. Tulimwita nyanya. Asubuhi harufu ya iliki kutoka kwa mahamri yake ilitufikia vitandani, na watu waliokuwa wakienda viwandani walipanga foleni mlangoni pake na vikombe vyao vya mbaazi za nazi. Jioni kaka alimtekea maji, nami nikamchambulia mbaazi za kesho kwenye ungo. Tukishamaliza, alituambia tunawe mikono. Hapo tulijua.

Aliinama, akavuta kutoka chini ya kitanda kifurushi kilichofungwa kwa leso, akaifungua treni polepole kama mtu anayemvua mtoto nguo. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa treni. Bosi wake, Mzungu, aliporudi kwao alimwachia ile ya kuchezea, naye akaileta nyumbani imngoje mtoto wao. Mtoto hakuja. Nyanya alitusimulia jambo hilo mara moja tu, huku akiunganisha vipande vya reli kwenye sakafu yake nyekundu.

Kaka ndiye aliyekuwa dereva. Mimi nilikata tiketi. Nyanya, kitandani, alituitia stesheni kwa sauti aliyosema ni ya mumewe: Athi River, Sultan Hamud, Kibwezi, Mtito Andei, Voi. Yeye aliiita gari la moshi. Sisi tuliona neno hilo ni la kizee, tukacheka, naye akacheka nasi. Ile treni ilikwaruza reli zake kwa mlio wa cherehani, ikazunguka, ikachoka, ikasimama. Kaka akaitia tena ufunguo.

Kisha baba akaja. Alisema mvulana amefika umri wa kukaa na babake, na msichana abaki na mamake. Mama hakubishana. Aliendelea kupiga pasi blauzi za kuuza kesho yake, makaa yakilia ndani ya pasi, na hakuinua macho hadi baba alipotoka nje kungoja. Kaka alibebewa nguo zake katika mfuko wa plastiki. Aliniambia treni ikipita nyuma ya mtaa jioni, nisimame karibu na reli, atanipungia.

Nyanya alinishika mkono tukasimama hapo. Treni ilipita bila haraka, taa zake zimewashwa, na kila dirisha lilikuwa na mikono. Abiria wa Mombasa hupungia kila mtu. Nilitazama hadi behewa la mwisho na sikujua upi ulikuwa mkono wake.

"Sikumwona, mwanangu," nyanya akasema. "Lakini kupunga amepunga. Hilo usilitilie shaka."

Tulirudi kwake, akanipa chai, na hakuitoa treni jioni ile wala juma lile. Alipoitoa, alishuka kitandani na magoti yake mabovu, akaketi nami sakafuni, akawa abiria wangu. Stesheni aliziita kwa sauti yake mwenyewe. Nyingine alizisahau. Nilikuwa mdogo, lakini nilimtazama akiifuata ile treni kwa macho, nikaona kwamba hata yeye alikuwa ameachwa.

Mwaka uliofuata mpwa wake alikuja kumchukua arudi Pwani, kwa kuwa miguu ilikuwa imemshinda. Alipokuwa akifungasha alinionyesha kile kifurushi.

"Nikuachie?"

Nilikitaka sana. Nikasema hapana. Nilifikiri mimi nina mama, angalau jioni, na yeye kule hatakuwa na mtu wa kumwitia stesheni. Akakiweka kikapuni mwake. Habari za kifo chake zilitufikia baadaye sana, kupitia mtu aliyekuwa akinunua mahamri yake.

Haya yote, rafiki yangu, nilijikuta nikimsimulia yule binti pia, mvua ikipiga mabati juu yetu. Alisikiliza vizuri. Akasema kando ya kabati hakuna maelezo yoyote, na angependa kuandika kisa hiki wageni wakisome.

"Aliitwa nani huyo nyanya?"

Jina lake sikulijua. Mtaani petu mwanamke alitajwa kwa jina la mtoto wake, mama fulani, na yeye hakuwa na wa kumpa jina. Nikampigia kaka simu. Siku hizi tunazungumza kwa adabu, kama watu waliokutana kwenye mkutano. Aliuliza nyanya yupi, akafikiri, akasema anakumbuka mahamri, ila treni haikumbuki. Alikuwa na wageni; angenipigia baadaye.

Mama bila shaka alilijua. Waliishi mlango kwa mlango miaka yote ile, wakikopeshana chumvi na makaa. Mama tumemzika mwaka huu. Zile safu za nyumba zimebomolewa kupisha maghorofa, na majirani wengine siwajui walikokwenda, wengine mtaa wa Baba Dogo, wengine mashambani, wengine kaburini.

Binti alikuwa bado ameshika kalamu, akiningoja.